Baiskeli Yangu Haitaki Kusimama

Jumatatu, 10 Juni

Mwalimu wa kisomo cha wazee kasema tuandike kila siku, herufi zisitukimbie. Haya. Leo baiskeli imenikimbia mie.

Nashuka mteremko huu wetu wa Kinyerezi, ndoo ya vitumbua nyuma. Nabana breki. Wapi! Raba zinateleza kwenye ringi kama kambale mkononi. Nimeishia kibandani kwa Gaspar mchonga vinyago, nimekumbatia kifaru cha mpingo. Gaspar kauliza kama nimeumia. Nikamwambia aulize vitumbua.

Na jana nilivyoihudumia! Kila Jumapili naipaka mafuta ya nazi, ya kukamua mwenyewe, spoku kwa spoku, ringi mpaka zing'ae. Haina shukrani hata kidogo.

Kibaya zaidi, Kokuberwa kaniona. Huyu ndiye adui yangu, anauza maandazi. Baiskeli yake ina breki za diski: kisahani cha chuma katikati ya gurudumu, kinabanwa hukohuko. Akigusa kidogo, tii! kasimama mlangoni kwa Bi Khulud mwenye duka. Na Bi Khulud anamwoza binti yake Samiha, Jumamosi. Kasema Alhamisi asubuhi tumpelekee vya kuonja. Vitakavyomfikia vya moto ndivyo vitakavyoliwa harusini.

Samiha! Mtoto niliyempakata nikamlisha vitumbua tangu hana meno! Aolewe kwa maandazi ya Kokuberwa? Labda niwe nimekufa.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwa Nikodemu, fundi baiskeli. Nikamtaka aniambie bila kuzunguka: ringi au diski? Kazunguka. Mara diski zinashika vizuri kwenye mvua na tope. Mara za ringi nyepesi, raba zake zipo kila duka, hata mie naweza kubadilisha. Mara kwa mwendo wangu na mzigo wangu za ringi zinatosha kabisa, mradi tu zisiguswe na... Hapo nikamkatisha. Nimemwomba neno moja, yeye anahutubia!

Nimeamua diski. Sultan, mpwa wa Bi Khulud, ana baiskeli mbovu inaning'inia stoo. Kabla hajamaliza kuniamkia nimemtia kitumbua mdomoni. Cha pili, nikaomba. Cha tatu, kakubali, maana alikuwa hawezi kusema. Gurudumu la mbele na uma wake, diski na kila kitu, vimehamia kwangu. Nikodemu kafunga huku anatikisa kichwa. Atikise. Shingo ni yake.

Jumatano, 12 Juni

Furaha! Nimeshuka mteremko, nimegusa breki, baiskeli ikasimama. Mie sikusimama. Nimetua majanini, kanga usoni, nacheka peke yangu. Nikapanda tena, nikashuka tena. Wanawake wa bombani wakanipigia vigelegele.

Tatizo moja tu. Inalia. Kiiiii! kama mbuzi kaona kisu. Kokuberwa kapaza sauti kutoka barazani kwake, eti Bibi, hiyo baiskeli inatangaza msiba au harusi? Bomba zima likacheka. Nami nimecheka, lakini kwa hasira.

Kitu kikilia dawa yake naijua. Mlango ukilia, mafuta ya nazi. Mjukuu akilia tumbo, mafuta ya nazi. Nimekipaka kile kisahani pande zote, taratibu, kama mtoto aliyetoka kuoga. Nikazungusha gurudumu, nikabana. Kimya kabisa! Na Nikodemu anajiita fundi.

Alhamisi, 13 Juni

Nipo hai.

Vitumbua vinatoa moshi, Kokuberwa kashatangulia. Nikajitupa mteremkoni. Nabana. Kimya. Nabana tena. Kimya! Hailii wala haishiki. Ya nyuma, ile ya ringi, nayo vilevile. Nikampita Kokuberwa kasimama na diski yake anapisha bajaji. Nikamsikia anaita, Bibi, breki! Bibi, breki! Utadhani neno hilo silijui.

Geti la Bi Khulud liko wazi. Nikapita chini ya turubai la harusi, nikawapita wapishi na masufuria yao, nikaingia kwenye lundo la magodoro ya wageni yaliyoanikwa juani. Puu! Ndoo niliifunga mpira. Hakikumwagika hata kitumbua kimoja.

Samiha kachomoka ndani, hina haijakauka mikononi, kanikumbatia hivyohivyo. Gauni langu lina vidole vyake mgongoni. Silifui. Bi Khulud kang'ata kitumbua, kimemuunguza ulimi, anacheka mpaka machozi. Kasema vitumbua ni vyangu, nisije tu na baiskeli.

Kisha Kokuberwa kafika anahema. Nikajiandaa kwa ugomvi. Kumbe katupa baiskeli na maandazi yote barabarani, kakimbia kuangalia kama nimevunjika! Mwanamke mpumbavu. Nikamwambia Bi Khulud vitumbua vya harusi nzima vinataka mikono minne, na huyu namchukua. Maandazi yake pia yawepo. Lakini meza ya mbali.

Jumapili, 16 Juni

Harusi imefana! Vidole vimeungua, viuno vimechoka. Samiha kala kitumbua changu hapohapo mlangoni, shela nzima ina sukari, ndipo akapanda gari la bwana.

Leo Nikodemu kaja. Kashika diski, kanusa vidole, kashika kichwa. Kasema Bibi, hii si breki, hiki ni kikaango, na ringi umezifanya hivyohivyo. Nikamcheka. Fundi akishindwa hakosi la kusingizia. Mafuta yangu yamelea watoto, wajukuu na bawaba za mlango wa kanisa, leo yashindwe na kisahani? Nimeshaamua: diski hazifai. Narudi kwenye ringi. Nimeanza kuzipaka zing'ae.

Kokuberwa kalala mkekani kwangu, uchovu wa harusi. Baiskeli yake ipo uani. Nimeisikia alipokuja: breki zimeanza kulia kidogo, masikini, na mwenyewe haombagi msaada. Kesho asubuhi anateremsha maandazi.

Basi nimeipaka. Diski ya mbele, diski ya nyuma, mafuta mengi kuliko ninayojiwekea mie. Simwambii. Atayaona mwenyewe mapenzi yangu, akifika mteremkoni.