Dada Niliyemwokota Getini

Jumatatu, 3 Machi
Sindano ya mgongo leo, ya maumivu ya mguu! Nesi akasema hawamdungi mtu aliyekuja peke yake, lazima awe na mtu wake. Mtu wangu nani? Niliostaafu nao polisi wako Gulu au kaburini. Nikatumia akili. Nje ya geti la hospitali kuna Mkenya muuza chai, Nabangala. Nikamwomba awe dada yangu kwa asubuhi moja. Nesi akatukagua: mimi Mwacholi mrefu, yeye Mbukusu mfupi. Nikasema marehemu baba alisafiri sana. Baada ya sindano, dada akaitwa pembeni akapewa maelekezo. Mimi sikusikiliza, mguu umeacha kuuma! Nikamwacha getini, nikapanda boda mpaka kwangu Kyebando. Nikajiambia: Oyet, wewe ni hatari.

Jumatano, 5 Machi
Kichwa! Nikikaa kinapasuka, nikilala kinatulia. Nimekunywa chai nikiwa nimelala, nusu ikaingia sikioni. Nabangala anapiga simu tangu asubuhi. Sipokei ng'o. Anataka zawadi huyo. Nimegonga ukuta ili jirani yangu Odur aje. Akaongeza sauti ya redio.

Alhamisi, 6 Machi
Nimelala natazama bati. Hakuna aliyebisha hodi. Naogopa, na hapa naandika kweli.
Mchana nikapokea simu ili nimtukane vizuri. Hakuomba kitu. Aliuliza tu, "Afande, ukikaa kichwa kinauma, ukilala kinaacha?"
Mchawi? Kumbe nesi alimweleza yeye: ikiwa hivyo, maji ya uti wa mgongo yanavuja pale sindano ilipopita, mgonjwa arudishwe upesi. Akafunga biashara, akaja na gari la kukodi, akanilaza kiti cha nyuma.

Ijumaa, 7 Machi
Wamenitoa damu mkononi, wakaidunga mgongoni izibe tundu. Nikakaa. Kichwa kimya! Nesi akamsifu dada yangu. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumamosi, 8 Machi
Mzima kabisa. Chumba kimya mno. Nabangala kapiga: kesho baada ya kanisa analeta uji, na wanawe wamsalimie mjomba wao, awe mgonjwa au mzima. Mjomba! Nilipokata simu nililia, acha tu.
Lakini mimi si mjinga. Nani anamtembelea mzee mzima? Akinikuta nimepona, hatarudi. Kwa hiyo kesho watanikuta kitandani, kichwa kimefungwa kitambaa. Nimefanya mazoezi ya kugumia jioni nzima. Odur amegonga ukuta, anauliza kama naumwa. Nimemwambia anyamaze, nina kazi.