Ploti Tatu Ndani ya Kompyuta Moja

"Nimekupa mtamba mzima, Kiptanui, halafu unaniambia kompyuta ni ya huyu mama?" mzee Hezekiah alifoka.

"Na mimi nilikupa nini, nyasi?" Monicah alidakia. "Si mtamba vilevile?"

Kiptanui, Injinia wa Sosiot kwa kujiteua mwenyewe, hakutoka jasho. Duka lake nyuma ya bucha lilikuwa na kompyuta moja tu, iliyomgharimu mitamba mitano, na mwezi huo alikuwa ameiuza mara mbili. Alimuuzia mzee Hezekiah wa kituo cha majani chai, aliyependa bei ya kutupwa ambayo majirani hawaijui. Akamuuzia pia Monicah wa Roret, ambaye shule yake ya kompyuta ilikuwa ifunguliwe Jumatatu na haikuwa na kompyuta. Bahati mbaya wote wawili walikuja kuichukua asubuhi moja.

"Mzee, baba yako alipowagawia watoto shamba, alinunua jipya kwa kila mmoja? Si alikata? Na mimi nimekata. Humu ndani kuna diski. Kipande cha D ni chako, cha E ni cha mama."

Akawaonyesha herufi kwenye kioo. Hezekiah aliinama akaitazama D kama anayekagua udongo. Hasira zikapungua, likabaki swali ambalo hakuna mtu wa huku Belgut anayenunua ploti bila kuliuliza.

"Njia ya kuingilia iko wapi?"

Injinia alikuwa akilisubiri. "Mnapitia C. Bila C haiwaki. Na C ni yangu, kwa hivyo kila mwezi mtanitolea kitu kidogo. Au mlidhani kompyuta ni bei ya mtamba mmoja?"

"Twende kwa chifu," alisema Hezekiah.

"Ngoja, mzee," Monicah alisema kwa upole ambao ungepaswa kumtisha Kiptanui. "Injinia, na sanduku? Kioo? Kibodi?"

Kiptanui alipiga hesabu haraka. Hakutaka kufikishwa kwa chifu, na kompyuta ikae Roret au Sosiot, bado watapitia C yake tu.

"Ni vyenu nyinyi wawili. Mimi niachieni C."

"Andika."

Akaandika kwa mwandiko wa kupendeza, akatia sahihi. Mwenye bucha akashuhudia kwa kidole chenye damu ya mbuzi.

Monicah alifungua mkoba, akatoa disketi aliyopewa chuoni alikosomea kompyuta, akaichomeka na kuwasha upya. Akafuta E. Akafuta D.

"Uuui, shamba langu!" Hezekiah alipiga kelele.

Kiptanui alicheka mpaka akashika meza. "Mama, umechoma mahindi yako mwenyewe!"

"Nimeng'oa ua wa mpaka," Monicah alijibu bila kugeuka. "Wa nyuma hutangulia, ndipo wa mbele ung'oke."

Kompyuta ikauliza kama C nayo ifutwe. Kicheko kikakatika.

"Mama, ngoja! Tuongee kama Wakristo!"

Monicah akabonyeza Y ya kukubali. Kisha akaifanya diski nzima kuwa kipande kimoja, kisicho na mpaka wala mlinzi wa lango.

"Hiyo ilikuwa mali yangu!"

"Ichukue basi. Nani amekuzuia?"

Akamgeukia Hezekiah. "Mzee, asubuhi inafundisha watoto wangu, mchana inaandika kilo za majani yako. Unasemaje?"

Hezekiah alichomoa waya, akashika sanduku, Monicah akabeba kioo, wakaondoka kwa pikapu ya majani.

Injinia alibaki na karatasi mkononi, ikithibitisha mbele ya shahidi kwamba C ni yake.