Uzinduzi wa Karatasi ya Nyuzijoto za Oveni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati, ambaye ni mimi. Mlezi wa Kamati, ambaye ni mimi pia kwa kukaimu. Muuguzi Mkuu wa hospitali yetu. Viongozi wa dini mliotuombea vizuri ingawa mmezidisha dakika. Waokaji, mabibi na mabwana: amani iwe kwenu. (Makofi ya watu wawili.)

Kama mnavyofahamu, ndugu zangu, oveni mpya ya ushirika wetu ina namba za Farenhaiti, ilhali daftari la Mama Mikate, mama yetu aliyewalisha wagonjwa wa wodi zote miaka kumi na tisa, limeandikwa kwa Selsiasi, na ndiyo maana alipoweka mia mbili kama daftari linavyosema, mkate ulifika wodini nje umepauka na ndani uji, mara mbili mfululizo, na Muuguzi Mkuu, aliyekaa hapa mbele amekunja uso, ametamka kwamba wa leo nao ukija mbichi atatafuta muokaji mwingine. (Mama Mikate: "Basi niambie niweke ngapi, mwanangu, unga umeshaumuka!")

Tulia, mama, ndiko ninakokwenda, kwenye karatasi ya kugeuza Selsiasi kuwa Farenhaiti. Kwa rehema za Mungu na uongozi wangu shupavu, Kamati imefanya wakshopu kumi na nne, imeandaa fremuweki, imeshirikisha wadau kwa asilimia mia moja na tatu, na katika kipengele cha vikombe vya kupimia unga imepima vikombe arobaini na saba, vyote baada ya kumaliza chai iliyokuwamo. (Kicheko.) Mnacheka, lakini hiyo ndiyo data! Na niwaibie siri: nusu ya wajumbe walitaka mia mbili, nusu wakataka mia nne, nami kwa hekima nikawakutanisha katikati, mia tatu, tukapitisha kwa kauli moja. (Sauti kutoka nyuma: "Si utaiva nusu mkate huo?" "Muulize yeye!")

(Mwalimu mstaafu anasimama: "Mia mbili zidisha kwa tisa, gawanya kwa tano, ongeza thelathini na mbili. Weka mia tatu tisini na mbili, dada!" Vigelegele. Mama Mikate anatoka mbio.)

Mzee, kaa chini, huna kitambulisho cha mjumbe, na namba ambayo haijapita Kamati Ndogo haiingii kwenye oveni ya umma! Mama, rudi, bado kuna kaulimbiu! Oveni yetu! (Watu wanatazama mlangoni.) Mnaitikia "Joto letu!" Oveni yetu! (Viti vinaburuzwa.)

Basi nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi rangi aliyepaka ukuta itakapobandikwa karatasi. Nawashukuru waliopika chai. Na wewe mwalimu, usiende mbali, irudie hiyo namba polepole karani aandike, maana karatasi tuliyowaitia kuizindua, kusema kweli mbele za Mungu, haijawahi kuandikwa hata mstari mmoja. (Mwalimu hayupo. Wamekwenda wote kwenye oveni, Muuguzi Mkuu mbele.)