Kipimo cha Punda kwenye Usita wa Mui

Jumatatu, 6 Februari 1956

Nimechaguliwa. Si mwenyekiti, mjumbe tu, lakini aliyeingia ukumbini hataulizwa alipitia mlango gani. Inaitwa Kamati ya Kuuchangamsha Usita wa Mui. Bwana Mudir, mtawala wetu wa serikali, alitaka watu saba wenye busara. Walipatikana sita, wakakwama, ndipo likatajwa jina langu.

Usita umelala, hilo halina ubishi. Ndiyo njia kuu ya mji wetu, yenye maduka yote ya maana, na manane kati ya hayo yamefungwa. Wenyewe wamehamia Mombasa. Siku hizi mtu akipiga chafya mwisho mmoja wa njia, Mkomani, wa mwisho wa pili, Langoni, humjibu.

Lakini mimi nina msiba wangu ndani ya msiba wa mji. Baraza yangu. Ile ya mawe nje ya mlango, aliyoijenga marehemu baba kwa mikono yake na kuikalia miaka arobaini. Zamani ukichelewa alasiri hupati pa kukaa. Sasa ni tupu. Jeilani, aliye hatua sitini upande wa Langoni, amenunua redio ya betri na kuiweka dirishani juu ya baraza yake. Watu wote wamehamia kwake kusikiliza habari za nchi wasizozijua. Jana kwangu alikaa paka. Leo hata paka hakuja.

Nimemwambia mke wangu Radhiya kwamba kamati hii imeletwa na Mungu. Akasema huenda Mungu ameileta kwa ajili ya mji.

Jumatano, 8 Februari

Kikao cha kwanza, nyumbani kwa mwenyekiti, Mzee Bwanamkuu. Kahawa nzuri. Nilisimama nikasema ugonjwa wa Usita ni wembamba. Mabaraza yamejitokeza mno, njia imebanwa, biashara haipumui. Vichwa vikaitikia. Sikutaja jina la mtu. Nilitazama tu upande wa Langoni, kwa muda.

Mmoja akataka tupime kwa futi. Mzee Bwanamkuu akasema futi ni za bomani, na kwamba wazee walikuwa na kipimo chao. Punda hutiwa shogi, ule mkoba mkubwa wa ukili unaoning'inia huku na huku, likajazwa mawe. Akipita, njia ni pana. Akikwama, pana mtu amekula njia ya wenzake. Wote wakaridhika. Saa nzima ikaenda kwa kujadili punda awe wa nani.

Nikaongeza masharti mawili, na yote yakapita. La kwanza, punda aende mwenyewe, asivutwe wala asipigwe, ili pasiwe na hila. La pili, baraza ya pale punda atakaposimama isipunguzwe. Ivunjwe yote. Dawa ya jino bovu ni kung'oa.

Jeilani pia ni mjumbe. Alisema baraza ni kama ndugu wa nyumba, tusiwe wepesi wa kuvunja. Nimemwelewa vizuri sana. Ana hofu.

Ijumaa, 10 Februari

Punda ni wa Barka wa Matondoni, anayebeba mawe ya kujengea. Jina lake Tajiri, la huyo punda. Nilimvizia Barka baada ya sala ya Ijumaa nikamwambia naona mnyama wake amekonda, na mimi ni mtu wa huruma. Ampitishe kwangu kila asubuhi, nitamlisha.

Barka alinitazama kwa makini. Akauliza kama mimi naumwa. Nikasema ni sadaka. Akasema sadaka hairudishwi.

Hesabu yangu ni rahisi. Kwa Jeilani njia ni nyembamba kama kwangu, au huzidi wembamba kwa kidole. Punda mwembamba atapita kote kuwili. Punda mnene atakwama, na kwa kuwa kipimo kinaanzia Langoni, atakwama kwa Jeilani kwanza. Akishakwama hapo kazi imekwisha. Nani atampeleka mbele punda aliyekwama?

Jumanne, 14 Februari

Tajiri anakula vizuri. Mkate wa mofa, tende, maganda ya maembe. Namwekea juu ya baraza yenyewe, maana chini pana sisimizi. Akifika tu husimama kwa desturi yake, ubavu umeegemea mawe, akala mpaka kombo la mwisho. Nampima tumbo kwa kikoi. Ijumaa nilifunga fundo nikabakiwa na shubiri mbili za kitambaa. Leo imebaki moja na nusu.

Nakiri kwamba ni raha kuona baraza ina mtu. Nimeanza kumwambia habari za mji. Husikiliza vizuri kuliko wengi.

Radhiya ameuliza mikate inakwenda wapi. Nikamweleza. Akasema mamake alikaa kwetu miezi miwili asipate hata tende moja mkononi mwangu. Kisha akaanza ile methali ya mchimba kisima. Nikamwambia mwisho wake naujua.

Alhamisi, 16 Februari

Nitaeleza kwa utaratibu.

Baada ya alasiri watu walijaa toka Langoni hadi kwangu. Tajiri akatiwa shogi, likajazwa mawe pomoni pande zote. Mzee Bwanamkuu akasoma masharti yangu kwa sauti. Asivutwe. Asipigwe. Atakaposimama, ivunjwe. Barka akaachia kamba.

Akafika kwa Jeilani. Shogi likagusa ukuta huku na baraza huko. Tajiri akainua pua, akanusa upande wa kwetu, akajivuta kama mtu anayepita katikati ya mkeka wa wageni, jiwe moja likadondoka, akapita. Watu wakasema amepita. Kisha akaanza kukimbia. Hatua sitini zote alikimbia, na mzigo ule!

Akafika kwangu. Akasimama.

Akaegemeza ubavu kwenye baraza, akaweka kidevu juu ya mawe, akangoja mkate wake. Njia ikaziba kabisa. Mbele hapiti mtu, nyuma hapiti mtu. Nikamwambia Barka amsukume kidogo. Barka akanionyesha mwenyekiti kwa kidole. Mwenyekiti akanikumbusha sharti la kwanza. Nikasema punda ana njaa, hajakwama. Mzee Bwanamkuu akaniuliza, “Bwana Gharib, punda huyu ana njaa ya nini, na mui mzima waona wamlisha weye?”

Kumbe mji mzima ulikuwa unaona.

Jeilani peke yake ndiye aliyenitetea. Aliomba baraza ipunguzwe tu. Wakasema sharti ni sharti, na aliyelitunga ni mwenye baraza, wamvunjie heshima?

Jumamosi, 18 Februari

Wameivunja. Ilichukua asubuhi moja tu. Miaka arobaini, asubuhi moja.

Katika ufa wa jiwe la kona zilitoka kokwa za tende, nyingi, zimekauka. Baba alikuwa na tabia ya kuzisukumiza humo kwa kidole gumba alipokuwa akizungumza, na mama akimkemea. Nilizikusanya ndani ya kofia. Mafundi walisimamisha kazi wakangoja nimalize.

Niliingia ndani nikalia. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jumapili, 19 Februari

Radhiya ameniambia si aibu mtu kulia kwa ajili ya babake. Sijui amejuaje.

Alhamisi, 23 Februari

Usita sasa ni mpana. Punda wanapita mbio, watu wanapita mbio. Tajiri bado huja kila asubuhi, akasimama penye kifusi, akanitazama.

Jeilani alikuja mwenyewe mlangoni. Tulikuwa chuo kimoja cha Kurani, tukipigwa kwa fimbo moja. Alinialika nikakae barazani kwake siku hiyo, “Ndoo ukae kwangu yeo, Gharib. Ndia ni fupi.” Nikaenda, kwa ajili ya kumwangalia tu. Akanipisha mahali pake mwenyewe, chini ya redio, akanimiminia kahawa ya tangawizi. Redio ilikuwa inasema habari za bei ya pamba. Watu waliniuliza hali, hakuna aliyetaja punda.

Nilifurahi. Ni kweli, nilifurahi sana, nikakaa mpaka magharibi. Njiani kurudi nikatambua kwamba jiwe la baraza yake halikupigwa chokaa vizuri upande wa kusini.

Jumapili, 26 Februari

Kikao cha dharura. Aliyekiitisha ni Abdulhalim, muuza halua, ambaye duka lake linaelekeana na mlango wangu. Analalamika kwamba tangu baraza ivunjwe hajauza hata robo ya sinia.

Alieleza hivi. Zamani mtu akikutana na punda mbele ya kwangu, hana pa kupita. Ama apande baraza yangu, ama aingie dukani kwake kumpisha. Akiingia, halua iko puani. Akitoka, ana kifurushi. Na wakisubiriana watu wawili watasalimiana, wataulizana habari za wagonjwa, wa tatu ataungana nao. Sasa njia ni wazi, wanatoka sokoni wanashuka pwani, salamu wanaitupa mabegani. Fundi kofia akasema na kwake ni vivyo hivyo. Muuza kahawa pia.

Mzee Bwanamkuu alifunga macho muda mrefu, tukadhani amelala. Kisha akasema, “Kumbe ndia ikibana ndipo mui hukutana.” Akaamua baraza ijengwe upya, mji mzima usaidie, kwa kipimo kilekile cha zamani. Kabla ya kuvunja alikuwa ameipima kwa kamba na kuifunga fundo. Kamba akanikabidhi mimi.

Jeilani alikuwa wa kwanza kuunga mkono. Amejitolea chokaa.

Nikamshika mkono kila mmoja. Njiani niliapa kwamba nimekoma vitimbi, na Mungu ni shahidi.

Jumamosi, 3 Machi

Leo tumejenga. Barka alileta mawe bila kudai kitu, Tajiri akabeba. Abdulhalim alileta halua kwa mafundi. Jeilani alikanyaga chokaa kwa miguu yake, kikoi kimepandishwa magotini, akiimba kwa sauti mbovu. Nilizirudisha kokwa za baba chini ya jiwe la kona kwa kidole gumba. Radhiya alitazama kupitia dirisha, na nadhani naye alifuta macho.

Kabla ya kuanza, fundi aliniomba kamba. Nilikuwa nimekaa nayo siku sita. Kamba ni kitu cha ajabu, fundo lake hulegea lenyewe mtu akilitazama sana. Lilipolegea nililifunga tena. Si palepale hasa. Mbele kidogo.

Jumatano, 7 Machi

Baraza imekauka. Nimeipima alfajiri kabla watu hawajatoka. Ni pana kuliko ya Jeilani kwa shubiri mbili na vidole vitatu. Nimepima mara mbili.

Saa mbili asubuhi Tajiri akaja na shogi lake limejaa, akaegemeza ubavu, akaweka kidevu. Safari hii hakusimama kwa kungoja mkate. Amekwama kweli. Barka alimvuta mbele, hakuenda. Akamrudisha nyuma, hakurudi. Ikabidi mawe yashushwe moja moja, na kila jiwe halina pa kuwekwa ila juu ya mapaja ya watu.

Maana watu walikuwa wengi. Waliotoka sokoni hawakuweza kupita, waliotoka pwani wakapandana juu ya baraza. Mzee Bwanamkuu alikuwemo, na jiwe lake. Fundi kofia, muuza kahawa, maamuma watatu wa msikiti wa jirani. Jeilani alikuja kuangalia kulikoni, akabanwa naye, ikabidi akae. Nikamwuliza kama kivuli kinamtosha. Abdulhalim alimaliza sinia kabla ya adhuhuri. Redio ilisikika kwa mbali huko Langoni ikijisemea peke yake.

Niliwahesabu. Kumi na tisa. Hata enzi za baba hawakuwahi kufika kumi na tisa.

Mzee Bwanamkuu alikuwa ananiita kwa sauti nisiyoipenda na kuulizia kamba. Nikasema naitafuta. Radhiya ananiambia wale si wageni, wamenaswa. Nimemjibu kwamba waliokaa wamekaa, na aliyekalishwa na mtu hana budi kumshukuru.

Kikao kijacho nitaleta hoja. Baraza ya Jeilani ipimwe tena, kwa haki, punda asivutwe, asipigwe. Tajiri anakula sasa hivi hapa mlangoni, na kikoi hakimzunguki tena.