Happy Anauliza Kama Umevaa Sweta

Jumanne, 1 Julai 2014

Nimepata tableti. Mimi! Mdogo wangu Mbonile, anayehangaika na malori pale mpakani, kaileta imefungwa ndani ya soksi. Ndogo, inaingia mfuko wa gauni, lakini humo kuna dunia nzima. Anastazia, binti wa jirani yangu mpya Nesta, kanifundisha kuunga bando, kufungua Fesibuku na kupiga picha. Akajipiga mwenyewe akicheka, ikabaki humo. Mzuri yule mtoto, sijui karithi kwa nani.

Nimetazama kwaya. Nimetazama samaki wanaoruka. Nimetazama mwanamke wa nchi za mbali anakaanga kitu chekundu. Maharage yangu yameungua.

Nikaandika pale pa kutafutia: mwanangu hali vizuri, nifanye nini. Ikaniletea uji wa mtoto wa miezi sita. Sadoki wangu ana miaka ishirini na sita na ndevu. Nimesoma wote hata hivyo.

Jumatano, 2 Julai

Sadoki yuko Saza, anachimba dhahabu. Nikimpigia anasema niko poa mama, halafu kelele, halafu kimya. Poa ndiyo nini? Kala? Analala wapi? Shimo lina magogo ya kuzuia udongo, au wamemwachia Mungu tu? Nikisikia redio inataja kifusi, naizima.

Mama haambiwi. Ila msichana anaambiwa. Wazo limenijia nikipeta maharage, nikasimama ghafla, ungo ukamwagika wote.

Nimefungua jina jingine Fesibuku: Happy. Picha nimeweka ile ya Anastazia, maana humo zilikuwemo mbili tu na ya pili ni ya kidole changu. Nikamwomba Sadoki urafiki. Kakubali kabla chai haijapoa. Mimi nikipiga huwa hapatikani.

Ijumaa, 4 Julai

Majibu yanatoka kama maji ya bomba. Happy kauliza umekula nini, kajibu ugali na dagaa. Happy kauliza dagaa wa kushiba au wa kuonja. Kauliza magogo ya shimo, kaambiwa wameweka mapya juzi. Nimelala usingizi wangu wa kwanza tangu Pasaka.

Kumbe anakohoa! Happy kamwambia avae sweta, ajipake mafuta ya kifua, asilale na soksi mbichi. Akajibu: Happy, una maneno matamu. Nikajisikia vizuri, halafu vibaya, halafu vizuri tena.

Kasoro ni moja. Nikikaa jikoni, tableti inakamata mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ujumbe unaingia: karibu Zambia. Leo nimekaribishwa mchana kutwa na sijanyanyuka kwenye kigoda. Bando linayeyuka. Nesta kanisikia nikilalamika, kasema juu ya uzio: Mama Sadoki, mtu mzima na kidude mfukoni, mwisho utaolewa na mnara. Angejua sura ya nani imo humu, angeruka huo uzio.

Jumapili, 6 Julai

Anakuja! Kamwandikia Happy: kesho Sabasaba hatuingii shimoni, nakuja Tunduma nikuone, saa sita stendi. Nimepiga vigelegele peke yangu, kuku wakakimbia. Mmoja hakukimbia vya kutosha.

Mpango huu hapa. Saa sita niko stendi. Namdaka anaposhuka, namwambia Happy kasafiri, namleta nyumbani, anakula, namfulia soksi. Hatari ni kwamba Nesta na Anastazia wanauza mchele wa Kamsamba palepale stendi. Lazima niwahi. Saa ya ukutani ilikufa mwaka jana, lakini tableti ninayo, na saa yake, kasema Mbonile, inajirekebisha yenyewe.

Jumatatu, 7 Julai

Inajirekebisha, ndiyo. Nilikaa jikoni na kuku asubuhi yote, naichungulia. Saa tano na nusu, nikaongeza chumvi. Saa sita kasoro robo, nikajitanda khanga, nikatoka na hotpoti. Njiani nakuta watu wanarudi nyumbani kula, kumbe ni karibu saa saba. Pale jikoni tableti ilishahamia Zambia, na Zambia wako nyuma yetu saa nzima. Mtoto mdogo wa Tunduma analijua hilo. Hata mimi nalijua.

Nimekimbia, mchuzi unanitiririka mkononi. Stendi watu wamejaa. Katikati yuko Sadoki, shati limepigwa pasi. Mbele yake Anastazia. Pembeni Nesta, kainua juu sado ya kupimia mchele. Kumbe mwanangu alimfuata Anastazia, akamwita Happy, akamshukuru kwa habari ya soksi. Nesta anauliza: soksi zako binti yangu kazijulia wapi?

Ikabidi niseme. Happy ni mimi. Mbele ya makonda wote. Konda mmoja akaomba namba.

Sadoki hakushtuka hata kidogo. Kasema alijua tangu Ijumaa, kwenye mafuta ya kifua. Msichana gani anauliza magogo ya shimo? Nikamwuliza, basi umefuata nini huku. Akatazama chini kama alipokuwa wa miaka saba, akasema: mama, jina la huyu sikulijua, ila picha haikuwa yako.

Anastazia akanigeukia, akasema hakuna aliyemwomba ruhusa. Kweli. Nikaomba samahani. Akasema atafikiria, lakini alisema akimtazama Sadoki. Nesta akashusha sado taratibu. Tukala kuku wangu kwa wali wake. Nesta kasema chumvi imezidi. Sadoki kala mapaja yote mawili, nami nikamwangalia mpaka mfupa.

Alhamisi, 10 Julai

Sadoki karudi Saza na sweta mpya. Nimeapa mbele ya Nesta kwamba Happy nimemfuta, na kweli nimemfuta. Sasa wanaandikiana wenyewe, yeye na Anastazia, kutwa nzima. Mimi nimerudishiwa niko poa mama.

Lakini je, anamwuliza soksi? Binti mdogo vile atakumbuka kifua?

Jioni nimefungua jina jipya, la mzee mstaarabu: Bwana Amoni. Picha nimeweka ng'ombe, ng'ombe hana mama wa kuinua sado. Bwana Amoni kamwomba Anastazia urafiki, akamwuliza kwa upole kabisa kama yule kijana wake wa Saza anakula.

Jibu limekuja hapohapo: shikamoo mama.

Ni huu mnara wa Zambia, unachanganya watu. Nahamia chumba cha mbele.