Nyumba Yangu, Benki na Pua ya Baba

Jumatatu, 8 Machi 2010
Bei za nyumba hapa mjini Stockton zimeporomoka. Deni langu la benki sasa limeipita bei ya nyumba yenyewe. Benki walitaka kuipiga mnada. Leo dalali wangu Charmaine kaja na "habari njema": tumtafute mnunuzi wa bei ya chini, benki wakiridhia, watachukua hicho hicho kidogo, deni linalobaki wasamehe. Ila nihame. Nihame! Nyumba niliyolelea wanangu wote!

Nina mpango. Atainunua mdogo wangu Orvel kwa akiba yake ya uzeeni, nami nibaki humu humu. Sikwenda shule, lakini akili haigawiwi darasani.

Jumatano, 10 Machi
Charmaine anasema ndugu haruhusiwi kununua. Pande zote tutasaini kiapo kwamba si ndugu. Nikamuuliza, kwani benki watatupima damu? Niliolewa, jina la ukoo la Orvel si langu tena. Akasema, Bibi Ludie, jela hawakupi jiko. Ana mdomo huyu mtoto! Nikamfungia mkate wa mahindi, amekonda.

Orvel kapeleka ombi lake kama mgeni kabisa.

Jumanne, 16 Machi
Kaja mthamini wa benki. Nilishajiandaa: mapazia chini, ndoo katikati ya sebule, chini ya dari isiyovuja. Nyumba mbaya, bei ndogo. Akili!

Lo, mwenyewe mwembamba kama ufito! Ningemwachaje? Nikamkaangia kuku, nikampa na pai ya pichi. Akalegeza mkanda, akasema nyumba hii ina raha. Harufu ikamleta Orvel. Hata hodi hakupiga: Dada, umenibakizia paja? Nikamwambia mthamini, mtaa mzima unaniita dada. Akatazama pua ya Orvel. Akatazama yangu. Pua ya marehemu baba, ile haifichiki hata kwa shuka.

Jumatano, 7 Aprili
Benki wamejibu. Orvel wamemtupa: ni ndugu. Bei wameipandisha: nyumba "imetunzwa vizuri". Wameichukua wauguzi wawili, mke na mume. Charmaine anasema nishukuru, deni limefutwa na jela nimeikwepa. Nimeshukuru kwa kulia jikoni. Kisha nikawajazia wale wauguzi jokofu, watoto wenyewe hawajui hata kuchemsha maharage.

Jumamosi, 5 Juni
Naishi kwa Orvel, katikati ya ndoana zake za kuvulia samaki. Jirani yake, Bi Eulalie, yamemkuta yale yale. Nimemwambia asipoteze muda na madalali, mtaalamu ni mimi. Mnunuzi tumeshampata: mtoto wa dada yake. Wanafanana, sikatai. Tumemwambia afuge ndevu.