Mgongo wa Mawenzi na Mgongo wa Fabian

Jumatatu, 5 Februari 2024

Leo Mungu kanikumbuka! Mama Mektrida, bosi wetu wa kupandisha wageni mlimani, anatafuta mwongozaji msaidizi wa njia mpya, ile ya mgongo mwembamba wa mwamba chini ya kilele cha Mawenzi. Kauliza nani amewahi kuuvuka. Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Nikasema nimeuvuka mara tatu, Mama, moja kwenye ukungu. Uongo mtupu! Mimi nikipanda stuli kubadilisha balbu nashikiwa miguu. Lakini miaka sita nabeba choo cha wageni, kile cha plastiki cha kuhamishika. Miaka sita! Watoto wa dada yangu wananiita Mjomba Choo. Imetosha.

Tatizo ni binamu yangu Fabian, mpagazi mwenzangu. Naye kanyoosha mkono. Kasema hajawahi kuuvuka, ila atajaribu. Mshamba! Nani anaomba kazi kwa kusema ukweli? Eliakim, mwongozaji mkuu, atatupeleka wote wawili. Atakayevuka vizuri ndiye.

Jumatano, 7 Februari

Tumefika kambi ya Horombo. Baridi ya kung'ata. Mpango umekamilika, najipongeza. Fabian alipokwenda kuchota maji nimemtilia mawe manne chini kabisa ya begi. Nimeyaviringisha kwenye jezi yangu ya mpira yasigongane. Akili hiyo! Begi langu mimi lina chapati mbili tu. Kesho yeye atahema, mimi nitaruka. Kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia namfurahia yeye.

Alhamisi, 8 Februari

Jamani! Jamani, jamani! Ule mgongo si wa watu. Upana wake kama benchi la kanisani. Kushoto hakuna kitu. Kulia ndiyo hakuna kabisa. Na upepo! Fabian kapita ametulia tuli, mawe yamemshikilia chini. Mimi mwepesi, nayumbishwa kama shati kwenye kamba. Hatua ya tisa nikakaa. Miguu huku na huku kama niko kwenye bodaboda, macho nimefumba, namwita mama. Eliakim kaniambia niinuke. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba kuanzia leo naishi hapo.

Fabian akarudi. Akafungua begi apunguze mzigo anibebe. Likatoka jiwe. La pili. La tatu. La nne. Kisha jezi, na jina langu, LEODEGAR, kubwa mgongoni. Nilitamani upepo unichukue. Akaikunja vizuri, akachuchumaa, akasema panda. Basi nimevuka mgongo nikiwa mgongoni! Eliakim kacheka mpaka akakosa pumzi.

Jumamosi, 10 Februari

Fabian kapata kazi. Mimi nimefukuzwa. Hata choo kapewa mwingine. Nimelia, sifichi. Nilikuwa nakichukia, sasa nakililia!

Nimepanda kijijini kwa mama. Kanisikiliza mpaka mwisho, kanichapa kwa mwiko, kisha kaenda mpakani mwa shamba kakata jani la isale. Kasema nimpelekee Fabian kwa mikono miwili, maana Mchagga akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe.

Jumapili, 11 Februari

Imekubali! Baada ya misa nimepiga magoti mbele ya ukoo mzima, jani mkononi. Fabian kalipokea, kanikumbatia. Akalia yeye, nikalia mimi, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa. Halafu kampigia simu Mama Mektrida, kamsihi mpaka kakubali. Nimerudishiwa choo changu! Fabian ana roho nzuri sana. Sistahili binamu kama huyu. Nimemwapia mama kwamba hila basi, mwisho, sirudii.

Jumatatu, 12 Februari

Nimewaza. Kumbe nyumbani tuna uzio mzima wa isale, na miaka yote hii mimi nilikuwa naogopa kukosea! Safari ijayo ni Alhamisi. Fabian kanunua viatu vipya vya kuongozea wageni, na mimi nina gundi. Pole yake. Jani lake nimeshalikata, nimeliweka kwenye maji lisinyauke.